Mkono wa Maji Uliojificha: Winam, Nyando na Watu Waliozichora

Ukija kwa mashua kutoka katikati ya Ziwa Victoria ukielekea mashariki, visiwa vya Mfangano na Rusinga viko mkono wako wa kulia na rasi ya Uyoma iko kushoto. Kwa mbali vyote hushikana vikawa ukuta mmoja wa vilima. Mvuvi wa Uyoma hahitaji kuambiwa kwamba ndani ya ukuta huo mna mlango, na kwamba ukiupita utasafiri zaidi ya kilomita 60 za maji, ukiacha Asembo na Seme upande mmoja na Karachuonyo upande wa pili, hadi ufike Kisumu. Mitumbwi ilikuwa ikipita hapo ikibeba samaki, vyungu na nafaka muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuja na dira na saa. Kwa wachoraji wa ramani wa London, hata hivyo, ghuba hii ya Winam haikuwa na umbo lake halisi mpaka karne ya 19 ilipokuwa inamalizika. Wapelelezi wao walikuwa wamelizunguka ziwa zima na bado wameikosa. Wakati wote huo haikuwa imepatikana kazi iliyomlazimu mtu aingie ndani.

John Hanning Speke alikuwa wa kwanza miongoni mwa wapelelezi hao kuliona ziwa, upande wa Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858. Aliporudi mwaka 1862 alipita magharibi kwa nchi kavu, kupitia Karagwe na Buganda, akafika mahali mto Nile unapotokea. Pwani ya mashariki, pamoja na yote ambayo leo ni ya Kenya, hakuikanyaga kamwe. Aliichora kwa masimulizi ya wafanyabiashara. Lakini kuna jambo moja alilolipata kwa namna ya kushangaza. Maji huchemka kwa joto pungufu kadiri unavyopanda juu, kama nyuzi moja ya selsiasi kwa kila mita 300, na mpimaji mwenye sufuria, moto na kipimajoto anaweza kukisia kimo cha mahali alipo. Vipimajoto vyake vizuri vilikuwa vimeharibika njiani, kikabaki kile cha kawaida cha kupimia maji ya kuoga. Kwa hicho alipata futi 3,740 hivi juu ya usawa wa bahari. Leo tunaandika mita 1,134, ambazo ni kama futi 3,720. Mtu aliyekisia vibaya nusu ya umbo la ziwa alikosea kimo chake kwa urefu wa nyumba moja ya ghorofa mbili.

Kule Uingereza wakabishana kama hilo ni ziwa moja au ni mkusanyiko wa maziwa madogo. Ubishi huo ndio uliomleta Henry Morton Stanley. Aliondoka Kageyi, karibu na Mwanza, tarehe 8 Machi 1875, ndani ya Lady Alice, mashua iliyosafirishwa vipande vipande mabegani mwa watu kutoka pwani. Mabaharia walikuwa Waungwana wa Zanzibar, nahodha wao akiwa Wadi Safeni. Vitabu vingi husema Stanley alilizunguka ziwa. Kwa kweli Safeni na wenzake ndio waliolizunguka wakipiga makasia, na Stanley akiwa ameketi nyuma anaandika.

Fikiria kazi yenyewe ilivyokuwa. Adhuhuri unapima kimo cha jua ili ujue uko latitudo gani. Katikati ya kipimo kimoja na kingine unakisia mwendo wa mashua, unasoma dira, unachora ulichokiona ufukweni, na vilima vya mbali unaviweka kwa makadirio. Ukipita mbele ya visiwa viwili vilivyofunika mlango, kisha upepo wa mchana ukaanza kuvuma na chakula kikawa kimepungua, huwezi kuingia katika kila kona kuona kama ni hori fupi au mkono mrefu wa maji. Stanley alikuwa na haja moja tu: kuthibitisha kwamba ziwa ni moja. Alifaulu, na ndani ya siku 57 akawa amerudi alikotoka. Katika ramani yake iko ghuba aliyoiita Ugowe, lakini mkono ule mwembamba unaojikunja kuingia bara hauonekani jinsi ulivyo. Ugowe hiyo ilinakiliwa kutoka ramani hadi ramani. Joseph Thomson alipotokea Umaasai na kufika ziwani upande wa Samia mwezi Desemba 1883, aliyaona maji, akapima, akageuka kurudi. Winam ilikuwa kusini mwake, ng'ambo ya vilima.

Kisha ikaja habari ya reli, na hapo ramani ikawa jambo la fedha. Mwishoni mwa mwaka 1891 Kapteni James Macdonald wa wahandisi wa jeshi la Uingereza aliondoka Mombasa na maofisa wenzake, wapimaji kutoka India na msafara mkubwa wa wapagazi, kutafuta njia ya garimoshi mpaka ziwani. Walipima Bonde la Ufa, wakapanda miinuko ya Mau, wakashuka kwa kufuata nchi ya mto Nzoia, wakafikisha mstari wao kwenye ghuba ya Berkeley, kule Samia, mahali palipokuja kuitwa Port Victoria. Kwa ramani zilizokuwa mikononi mwao hapo ndipo palipofaa. Njia yote ilikadiriwa kuwa maili 657. Kama mambo yangebaki hivyo, Kisumu ingekuwa kijiji cha kubadilishana mazao, na pengine leo jiji la tatu la Kenya lingekuwa Budalang'i.

Aliyebadilisha hayo hakuwa mtu wa reli. Alikuwa Kamanda B. Whitehouse wa jeshi la wanamaji la Uingereza, aliyetumwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 kupima upande wa Waingereza wa ziwa. Kazi ya mwanamaji si kama ya mpita njia. Yeye hutafuta mahali pa kutia nanga, kwa hiyo hana budi kuingia kila hori. Alikwenda na mashua ndogo akitupa bildi, akihesabu pima za maji, akiandika aina ya tope iliyonata chini ya risasi, akiweka alama juu ya rasi na kupima pembe kutoka moja hadi nyingine. Ni kazi ya kuchosha isiyo na hadithi ya kusisimua, na ndiyo maana hana sanamu popote. Alipoupita mlango wa Rusinga aliyakuta maji yakiendelea tu. Mkono wa ziwa uliingia mashariki mpaka kwenye tambarare ya Kano, chini ya miinuko ya Nandi, na kumbe ulikuwa umeusogelea mteremko wa Mau kuliko ghuba ya Berkeley.

Wahandisi walilielewa jambo hilo mara moja. Badala ya kuzungukia Nzoia, reli ingeweza kuteremka bonde la mto Nyando na kumalizikia kwenye pembe ya ghuba. Hesabu ya mwisho ikawa maili 584 hivi. Maili 70 na zaidi zilikatwa kwa sababu mtu mmoja alitupa kamba yenye risasi mahali ambapo wengine walichora kwa kukisia.

Hata hivyo, njia hiyo fupi ilikuwa na deni lake. Kutoka kilele cha Mau, kimo cha zaidi ya futi 8,300, hadi ziwani ni mteremko wa futi 4,600, na nchi ya kati imekatwakatwa na makorongo ambayo kila moja lina kijito chake kikiukimbilia mto Nyando. Mchoraji mwenye mistari ya kontua huliona korongo kama mistari iliyobanana na kurudi nyuma mfano wa herufi V. Mjenzi wa reli huliona kama shimo la kulipia. Waingereza walikuwa na haraka, viwanda vya kwao vilikuwa vimelemewa na kazi, basi zabuni ya madaraja ya chuma ikaenda Marekani, kwa kampuni ya American Bridge. Madaraja 27 marefu ya nguzo yalisimamishwa juu ya makorongo hayo kati ya mwaka 1900 na 1901. Bunge la London lililalamika kwamba chuma cha himaya kinanunuliwa kwa wageni. Ukishuka leo barabara ya Londiani kuelekea Fort Ternan bado utaviona vipande vya njia hiyo vikichungulia msituni, na utaelewa kwa nini watu wa reli waliiogopa sehemu hii kuliko simba wa Tsavo, japo simba ndio waliopata vitabu na filamu.

Reli ilifika ufukweni Desemba 1901. Pahali pakapewa jina la Port Florence. Wengi husema ni kwa heshima ya Florence Preston, mke wa msimamizi wa kutandika reli, aliyegongelea msumari wa mwisho, ingawa mke wa mhandisi mkuu naye aliitwa Florence na wako wanaompa yeye heshima hiyo. Ubishi huo haujawahi kuwasumbua wenyeji. Jina la Kisumu lilikuwepo tangu hapo, na ndilo lililobaki.

C. W. Hobley, aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1890 kama mwanajiolojia kabla hajageuka mtawala, alikuwa na kituo chake Mumias tangu 1895. Mlango wa bahari ya ndani ulipopatikana, makao ya utawala yalihamishiwa Kisumu. Wakati huo nchi hii ilihesabiwa kuwa Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa wote wa mashariki wa Uganda, pamoja na Kisumu, ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ili reli yote iwe chini ya mamlaka moja. Mjaluo wa Kano alilala Uganda akaamka nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na hakusogea hata hatua moja.

Kusini yake mstari mwingine ulikuwa ukisubiri watu wa kuupima. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana, wakiwa Ulaya, kwamba mpaka wao utoke mdomo wa mto Umba pwani, uzunguke kaskazini mwa Kilimanjaro, kisha uende moja kwa moja hadi ufukwe wa mashariki wa ziwa, mahali unapokutana na latitudo ya digrii 1 kusini. Karatasini ilikuwa kazi ya rula. Kuipata sehemu hiyo ardhini ilichukua karibu miaka 20. Kapteni G. E. Smith kwa upande wa Waingereza na Kapteni Schlobach kwa upande wa Wajerumani waliongoza tume iliyopima kutoka ziwani mpaka Kilimanjaro kati ya 1904 na 1906, wakisimamisha alama juu ya vilima na kuziunganisha kwa pembetatu. Sehemu ya ziwani ikaangukia karibu na Muhuru. Wafugaji wa pande zile, Wajaluo, Wasuba na Wakuria, wakajikuta malisho yako nchi moja na kisima nchi nyingine. Ng'ombe waliendelea kuvuka. Hata sasa wanavuka.

Habari ya ng'ombe ndiyo inayotuongoza kwenye bonde la Nyando. Kabla ya reli, miinuko ilikuwa ya Wanandi na tambarare ilikuwa ya Wajaluo wa Kano, na katikati yao palikuwa na ukanda ambao mifugo ya pande zote mbili iliutumia kwa tahadhari. Kano ilikuwa na mtindo wake wa malisho: kiangazi mifugo hushuka kwenye majani ya kinamasi kando ya mto na ziwa, masika ikapanda mahali pakavu. Hakuna ramani ya serikali ya wakati ule iliyoonyesha mwendo huo. Ramani huonyesha kitu kilichosimama. Malisho yanayohama hayana mahali pa kuandikwa.

Wanandi walipigana na reli na serikali yake kwa miaka kumi. Vita hivyo viliisha kwa mauaji ya kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, tarehe 19 Oktoba 1905, aliyepigwa risasi na Richard Meinertzhagen mahali walipokubaliana kukutana kwa mazungumzo ya amani. Maelfu ya mifugo yalitekwa, na jamii zilizokaa karibu na reli zikasukumwa kaskazini. Ndipo wapimaji wakaja. Songhor, Koru na Muhoroni zikakatwa mashamba ya walowezi, ya kahawa, miwa, katani na ranchi za ng'ombe. Chini zaidi, kuanzia Kibos, serikali iliwagawia Wahindi ardhi ya kulima, na kutoka kwao ikaanza habari ya miwa iliyoleta kiwanda cha Miwani katika miaka ya 1920. Idara ya Upimaji, iliyoanzishwa 1903, ilizama katika kazi hiyo: kuweka bikoni kwenye pembe za mashamba ya watu wenye hati. Nje ya mashamba hayo, kwenye hifadhi za Waafrika, ramani zilibaki michoro ya njia, mito mikubwa na majina ya machifu. Mlowezi wa Koru alijua ranchi yake ina ekari ngapi hadi robo. Upande wa pili wa ua, nchi nzima ya Kano ilikuwa karatasi nyeupe yenye mto katikati.

Hata hivyo kulikuwa na watu wachache waliokwenda kwenye weupe huo kwa hiari yao, na walivutwa na makorongo. Mwaka 1909 mtafuta dhahabu aliyeitwa G. R. Chesnaye alikuta mifupa iliyogeuka mawe kule Karungu, kusini mwa Homa Bay, kwenye kuta za makorongo yaliyochimbwa na mvua. Hobley, ambaye jicho la jiolojia halikumtoka, alimwomba ofisa wa wilaya, D. B. Pigott, akusanye zaidi. Pigott alikusanya. Akiwa safarini kurudi kwa mashua aliangukia ziwani, mamba wakamla. Mifupa ilifika London, na mnyama mmoja kati yake, jamaa wa tembo mwenye pembe zilizopinda chini, aliitwa Deinotherium hobleyi mwaka 1911. Jina alipewa mkubwa wake. Ndivyo ofisi zilivyo.

Mwaka huohuo Jumba la Makumbusho la Uingereza lilimtuma Felix Oswald. Alikaa Karungu wakati ambao pwani nzima ilikuwa imeogofywa na malale. Ugonjwa huo ulikuwa umeua zaidi ya watu 200,000 kwenye fukwe za Uganda katika miaka michache, na vijiji vingi vya ziwani vilikuwa vimehamwa. Oswald alitembea korongo baada ya korongo, akisoma kuta zake tabaka kwa tabaka: udongo wa mfinyanzi, mchanga wa mto, majivu ya volkano, kisha lava juu. Ramani yake ya jiolojia ya nchi kati ya ziwa na milima ya Kisii ilichapishwa 1914. Kwangu mimi hiyo ndiyo ramani ya kwanza ya eneo hili iliyochorwa na mtu aliyeitaka nchi yenyewe. Hakuwa akitafuta njia ya kwenda kwingine, kodi, wala mpaka. Wakati huohuo lazima ikubalike kwamba aliweza kutembea kwa utulivu ule kwa sababu wenyewe walikuwa wamekimbia au wamekufa.

Waliofuata waliithibitisha thamani ya makorongo. Mwaka 1926 Dakta H. L. Gordon alipata visukuku kwenye shamba lake la Koru. Baadhi ya visukuku hivyo vilikuwa vya jamaa wa kale wa sokwe, ambaye mtaalamu Hopwood alimpa jina la Proconsul mwaka 1933. Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul kwenye mteremko wa Rusinga mwaka 1948. Na mwaka 1961 mumewe, Louis, alianza kuchimba Fort Ternan kwenye shamba la mlowezi Fred Wicker, akatoa taya la kiumbe alichokiita Kenyapithecus wickeri. Mashamba yaliyopimwa kwa ajili ya kahawa na ng'ombe yaligeuka anwani za kisayansi, na jina la mwenye shamba likaingia katika Kilatini.

Tambarare yenyewe ilisubiri ndege. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza iliunda mwaka 1946 kurugenzi ya kupima makoloni yake yote, chini ya Martin Hotine, afisa mwenye imani kwamba Afrika ingeweza kuchorwa ndani ya kizazi kimoja ikipigwa picha kutoka juu. Kikosi cha 82 cha jeshi la anga kilikuja na ndege za Lancaster, zilezile zilizokuwa zikiangusha mabomu Ujerumani, zikiwa sasa na kamera tumboni. Ziliruka mistari iliyonyooka asubuhi kabla ya mawingu ya ziwa kujijenga, na yeyote anayeijua Kisumu anajua kwamba muda huo si mrefu. Kila picha ilifunika asilimia 60 ya picha iliyotangulia. Hapo ndipo penye siri ya kazi nzima: ukiziweka mbili kando kwa kando chini ya lenzi pacha, kila jicho likitazama yake, nchi huinuka kutoka karatasini. Kilima cha Kisian kinasimama. Genge la Nyabondo linaanguka. Mchoraji aliyekaa Tolworth, viungani mwa London, ambaye pengine hatalikanyaga vumbi la Ahero maisha yake yote, anafuata kimo kimoja kwa ncha ya kalamu, na huo ndio mstari wa kontua.

Ili picha hizo zikae mahali pake, ilibidi watu wa nchi kavu wapande vilima na kujenga nguzo za saruji, kisha wapime pembe kati ya nguzo na nguzo kwa theodolaiti, mara nyingi usiku kwa taa, kwa sababu hewa ya mchana huchezacheza na kuipinda nuru. Mafundi waliobeba saruji, maji na chombo chenyewe hadi kileleni walikuwa vijana wa huko huko. Pembezoni mwa karatasi limeandikwa jina la kurugenzi, mwaka wa picha na jina la Survey of Kenya. Vijana hao hawamo.

Karatasi hizo za kipimo cha 1:50,000 bado zinauzwa na kutumiwa. Kila moja ina mraba wa robo digrii, kama kilomita 28 kwa upande. Ukiifungua ya tambarare ya Kano, jambo la kwanza linalokupiga ni ukavu wake wa mistari: kontua zimebanana kama nywele kwenye miinuko ya Nandi kaskazini na genge la Nyabondo kusini, na katikati hakuna kitu ila mto Nyando unaojinyonganyonga, alama za kinamasi na vitone vya nyumba. Majina yaliandikwa kwa sikio, mengine yakipoteza konsonanti njiani. Lakini vitone vile ni miji ya watu, na kwa mara ya kwanza Kano ilikuwa imechorwa kwa usahihi uleule wa Koru.

Halafu zikaja hati. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulitaka ardhi ya Waafrika igawanywe na kusajiliwa. Nyanza iliupokea kwa mashaka, na kazi ilienda polepole mpaka baada ya uhuru na sheria ya 1968 ya uamuzi wa haki za ardhi. Watu waliambiwa wapande ua kwenye mipaka yao, ndege ipite, mipaka ichorwe kutoka kwenye picha. Kwa njia hiyo safu ya vichaka ikawa mstari wa kisheria. Ilikuwa rahisi na ya haraka, na kwa nchi iliyosimama ingetosha kabisa.

Nchi hii haisimami. Picha nyingi za mwanzo zilipigwa kabla ya mvua kubwa za mwaka 1961. Kati ya mwaka huo na 1964 ziwa lilipanda kama mita mbili na nusu, na ufukwe wote uliochorwa ukahamia bara. Mwaka 2020 maji yalipanda tena mpaka kufikia na kupita kidogo kile kimo cha 1964. Dunga, kando ya Kisumu, ilifurika, na familia nyingi za Nyando ya chini zikahama. Katika Mbita watu wenyewe walikuwa wameshaibadilisha ramani ya Whitehouse: miaka ya 1980 mlango mdogo kati ya Rusinga na bara ulizibwa kwa tuta la barabara, maji ya ghuba yakadumaa, mpaka daraja lilipojengwa miongo mitatu baadaye ili yapite tena.

Na chini ya genge la Nyabondo, upande wa Nyakach, makorongo yamezidi. Yale ya Katuk Odeyo ni maarufu: mifereji yenye kuta za wima za udongo mwekundu na wa kijivu, mingine yenye kina cha kumzidi mtu mara kadhaa, inayotafuna malisho mwaka hadi mwaka. Udongo wa pale una chumvi ya sodiamu inayoufanya uyeyuke ukiloa, na juu yake kuna njia za ng'ombe, miti iliyokatwa kwenye miinuko na maji ya barabara yaliyoelekezwa mahali pamoja. Ng'ombe hupita palepale kila siku kwenda mtoni. Njia inakuwa mfereji, mfereji unakuwa korongo. Kituo cha utafiti wa kilimo-mseto cha ICRAF kilianza kuyapima mwishoni mwa miaka ya 1990 pamoja na Wizara ya Kilimo, kwa picha za setilaiti na kwa vijiti vilivyochomekwa ukingoni, na katika picha hizo tope la Nyando linaonekana likitandaa ndani ya ghuba kama wino wa kahawia. Wenyeji wamepanda makatani na miti, wamejenga vizuizi vya mawe, na wamefunga sehemu nyingine zisilishwe. Pahali pengine majani yamerudi. Pengine ukingo umeendelea kusogea.

Kwenye karatasi ya 1:50,000 mengi ya makorongo haya hayamo, au ni mstari mwembamba wa buluu wa kijito cha msimu. Kwenye ramani ya usajili hayamo kabisa. Mwenye shamba ambaye robo ya ardhi yake imekwenda Winam bado anazo ekari zilezile kwenye sajili ya Kisumu, na ni mpaka siku atakapotaka kuwagawia wanawe ndipo saveya huja na GPS, akasimama ukingoni mwa korongo, akatafuta ua uliopandwa na babu yao na kuukosa, kisha akaanza kupima upya kutoka kwenye mgomba wa jirani.